Chagua maji kabla ya kuchagua chumba

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanza. Mwezi Juni shule zikifungwa, mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tunataka kukaa siku tano Zanzibar pamoja na watoto wawili (miaka 6 na 9, hawajui kuogelea) na mama mkwe wangu ambaye goti linamsumbua. Nimeona mtandaoni bangalo za makuti Jambiani, maji ya buluu hadi mlangoni, dola 60 kwa usiku, na mwenyewe anataka nilipe zote kabla. Mwenzangu kazini aliyekwenda mwaka jana anasema alifika akakuta bahari haipo, mchanga na majani tu, akashinda kwenye kiti siku nne. Wengine wananiambia niende Nungwi. Nifanyeje nisipoteze hela tuliyodunduliza miaka miwili?"

Mwalimu, hongereni kwa miaka kumi. Nimefanya kazi miaka 18 kwenye hoteli ndogo za pwani ya mashariki ya Unguja, nikaanzia mapokezi na nikaishia kusimamia hoteli yenye mabanda tisa. Habari ya mwenzako nimeisikia kuliko malalamiko mengine yote, kuliko mbu, kuliko umeme, kuliko bei. Picha uliyoiona ni ya kweli, na bahari kukauka ni kweli pia. Ni mahali pamoja, ila saa ndizo zimepishana.

Nyinyi mmekulia ziwani. Ukiyaacha maji jioni pale Kamanga, asubuhi unayakuta palepale. Huku kwetu maji hujaa kwa saa sita na kitu, yakapwa kwa saa sita na kitu, na kila siku yanachelewa kadiri ya dakika hamsini kuliko jana yake. Sasa tazama umbo la pwani yenyewe. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, kuna mwamba wa matumbawe mbali na ufukwe, na katikati yake ni uwanja mpana wa mchanga usio na kina. Maji yakishuka, uwanja ule hubaki wazi, pengine hadi kilomita nzima. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, sakafu ya bahari inashuka haraka, kwa hiyo maji yakipwa hayaendi mbali na mtu anaogelea karibu saa zote. Ndiyo maana watu wanakuambia Nungwi. Hawajakosea, ila hawajakuuliza unakwenda na nani wala siku gani za mwezi.

Nasema mwezi nikimaanisha mwezi wa angani. Wavuvi wetu na akina mama wanaolima mwani, yale majani ya baharini, hawaangalii kalenda ya ukutani kwa mambo ya bahari, wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikifika mita tatu na zaidi. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti haizidi sana mita moja. Jambo lenye faida kwako ni hili: kwetu Unguja saa hizo hazibahatishwi. Siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa takriban saa nne na kupwa saa kumi, lakini hayaendi mbali.

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, hata ya jirani. Ukifika Jambiani tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu na kuondoka tarehe 14, au ukikaa kuanzia 25 hadi 29, maji yatajaa kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na kila siku yatachelewa kidogo. Hizo ndizo saa ambazo watoto wameshakunywa chai, jua lipo, na maji ya kiunoni yamefika mbele ya mabanda. Ukifika tarehe 16 ukakaa hadi 20, au 1 hadi 5, mchana wote utakuwa na mchanga, na maji yatarudi jioni watoto wakiwa wamechoka. Naamini mwenzako aliangukia siku kama hizo, na hakuna aliyemwambia. Tarehe inaweza kupishana kwa siku moja kwa sababu ya kuandama, kwa hiyo hakikisha kwa jedwali la maji la Zanzibar, ambalo hoteli yoyote makini hulibandika mapokezi na linapatikana pia mtandaoni. Mhudumu asiyejua maji yanajaa saa ngapi kesho, mimi hunitia shaka na mambo mengine yote ya hoteli yake.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwenu ni huu. Kama likizo inawaruhusu kupanga siku kwa mwezi, nendeni Jambiani au Bwejuu. Kwa watoto wasiojua kuogelea, maji ya ndani ya mwamba ni rafiki kuliko ya Nungwi: hakuna mawimbi makubwa, kina kinaongezeka polepole, na ufukweni hakuna msongamano wa boti. Paje katikati siwashauri mwezi Juni, kwa sababu upepo wa kusi unakuwa umeshika na watu wanaoteleza juu ya maji kwa tiara wamejaa. Kamba zile zikimpitia mtoto si mchezo. Kama siku zenu zimeshafungwa na zinaangukia zile tarehe mbaya, basi nendeni Kendwa, mlipe zaidi kidogo, mvumilie muziki wa usiku, na mtapata maji kutwa na machweo ya jua baharini, ambayo upande wa mashariki hauna.

Na hata siku za maji kupwa usizihesabu kuwa hasara. Saa mbili na nusu asubuhi, toka na watoto mfuate maji yanavyorudi nyuma. Jambiani na Paje ndiko kilimo cha mwani kilikoanzia mwaka 1989, na mpaka leo mtawakuta akina mama wamekaa ndani ya maji ya magotini, kanga zimevimba kama maboya, mmoja anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, mwingine anakagua vigingi vilivyong'oka usiku. Mikono yao inakwenda bila macho. Macho yako kwenye mazungumzo. Wasalimieni kwanza, msikanyage kamba, na mkitaka kuwapiga picha ombeni. Mbele zaidi mtamwona mwenye mchokoo, fimbo ya kuchokolea pweza, anachungulia mashimo yao. Watoto wa Mwanza wanaojua sato na sangara watakuwa na maswali ya kutosha hadi saa ya chakula. Kila mtu avae viatu vya plastiki, maana kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu kwenye mawe, na mwiba ukikatikia mguuni safari yote inaharibika. Jambo moja nakusisitizia kama mzazi: msifike mwambani bila mwenyeji. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele peke yake, huingia kwanza kwenye mikondo iliyoko nyuma yenu, na mtu hushtukia kati yake na ufukwe pameshakuwa na maji ya kifuani. Jedwali likisema maji yamepwa saa tatu, saa tatu hiyohiyo muwe mnarudi.

Sasa chumba. Viwanja vya hoteli ndogo za ufukweni kwetu ni vyembamba na virefu, kichwa kikiwa baharini na mkia barabarani. Hoteli inaweza kuwa ufukweni kweli, huku mabanda mawili tu ndiyo yanayoona maji na manane yanatazamana bustanini. Tangazo likisema "hoteli ya ufukweni" halijasema chochote kuhusu chumba chako. Uliza chumba chenu kwa namba au kwa jina, kisha omba video moja isiyokatwa: mtu aanzie kitandani, afungue mlango, atembee hadi maji yalipo. Omba ichukuliwe maji yakiwa yamepwa. Video hiyo itakuonyesha mengi kwa mara moja: umbali, ngazi, ukuta wa kuzuia bahari kama upo (na ukuta ukiwepo, maji yakijaa sana mchanga wote huzama na hamna pa kukaa), hali ya mlango, na kama majani ya baharini yanayotupwa ufukweni yanakusanywa au yameachwa yaoze.

Goti la mama ndilo litakaloamua chumba gani. Mabanda mengi yamejengwa juu ya msingi wa mawe kwa kuogopa maji, kwa hiyo yana ngazi tatu au nne zisizo na pa kushikilia. Njia ni mchanga mtupu, na mchanga mkavu humchosha mwenye goti bovu kuliko mlima. Omba banda lililo karibu zaidi na ukumbi wa chakula, hata kama halioni bahari vizuri, na nyinyi na watoto mkae la mbele. Uliza choo kama ni cha kukaa, na kama bafu lina kizingiti kirefu. Nimewahi kuona familia ikimpa bibi banda zuri kuliko yote, la mbele kabisa, kwa heshima. Bibi akala chumbani siku nne kwa sababu hakuweza kupanda kwenda ukumbini. Walikuwa na nia njema kabisa. Swali hilo moja tu hawakuliuliza.

Makuti ni paa zuri kwa upepo na kwa macho, lakini lijue tabia yake. Hudondosha vumbi kitandani, hukaribisha mijusi, na usiku komba wanaweza kukimbizana juu yake wakalia kama watoto wachanga. Waambieni watoto mapema wasiogope. Banda la makuti lisilo na dari halifai kutiwa kiyoyozi, maana baridi yote huvuja nje. Ukiona wanakutoza zaidi kwa ajili ya kiyoyozi kwenye banda la aina hiyo, chukua lenye panka tu. Mwezi Juni, kusi ikivuma, madirisha mawili yanayotazamana yanatosha, na mama atahitaji sweta jioni. Neti iwe nzima na ishuke hadi chini ya godoro. Makuti hushika moto haraka, kwa hiyo msiwashe dawa ya mbu ya kuchoma ndani, wala mshumaa.

Maji ya bafuni pwani ya mashariki mara nyingi yana chumvichumvi, kwa sababu visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari. Hayadhuru kuoga, ila sabuni haitoi povu vizuri na nywele hukakamaa. Ya kunywa nunueni. Huwa naikumbuka Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe chenye mabanda saba tu, ambako kila banda hukinga maji yake ya mvua kwa paa na kuyahifadhi chini ya sakafu. Laiti sote tungejenga vile, visima vya vijiji vyetu vingepumua. Ninyi ogeni haraka, na msiache watoto wakimwaga maji kuondoa mchanga miguuni. Kisima hichohicho ndicho pia cha majirani.

Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 2009 ulikatika, na Unguja ikakaa gizani kama miezi mitatu, hadi Machi 2010. Tangu wakati ule hoteli nyingi zina jenereta, lakini ndogo huiwasha saa chache tu. Uliza inawashwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, khasa kama mama ana dawa za kuwekwa kwenye friji.

Kuhusu malipo, usilipe zote. Kuna mwaka familia moja kutoka bara ilifika getini kwetu saa moja usiku, mizigo kichwani, na risiti ya banda ambalo sisi hatukuwauzia. Mtu alichukua picha zetu, akaweka namba yake ya simu, akapokea hela yote na akazima. Nilikuwa na banda moja tupu nikawapa usiku ule. Usiku wa pili sikuwa nalo. Sura ya yule mama akisoma risiti yake tena na tena chini ya taa ya geti, akitafuta kosa liko wapi, sijaisahau. Kwa hiyo fanya hivi: tafuta namba ya hoteli kwa njia nyingine, si ile iliyoko kwenye tangazo, upige na uulize kama wana nafasi tarehe hizo. Lipa kwa namba ya biashara, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalojitokeza. Likiwa jina la mtu binafsi, simama. Hoteli halali ina leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mwenye nayo haoni shida kukutumia picha yake. Malipo ya awali ya theluthi moja au nusu ni ya kawaida, na sharti la kughairi liandikwe.

Dola 60 isikutishe wala kukufurahisha kabla hujauliza imebeba nini: ni ya banda au ya mtu, kodi imo au haimo, kifungua kinywa kimo au hakimo, watoto wanatozwa vipi. Na uliza bei ya Watanzania kwa shilingi. Hoteli nyingi ndogo zinayo lakini hawaiandiki. Anayeuliza ndiye anayepewa. Mwanzoni mwa Juni, masika ikiwa ndiyo imeisha, wengi bado wapo kwenye bei ya chini. Julai inapanda.

Safari: boti ya kasi kutoka Dar es Salaam inachukua kama saa mbili. Juni mkondo huwa na mawimbi, kwa hiyo pandeni ya asubuhi, mama akae katikati chini, na watoto wasile chipsi kabla. Vitambulisho viwe mkononi. Bandarini mtapokelewa na mapapasi, vijana wanaowinda wageni. Wajibu kwa upole kwamba mna mwenyeji, na tembea. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani na 324 inakwenda Bwejuu kwa bei ndogo sana, lakini kwa goti la mama na mizigo ya watu watano, mwambie mwenye hoteli awatumie gari na mpatane bei kabla. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Njiani mtapita msitu wa Jozani, na kima punju huvuka barabara mbele ya magari. Mama atawaona bila kushuka.

Chakula cha jioni agizeni mapema, ikiwezekana saa sita mchana. Hoteli ndogo haina akiba kubwa kwenye friji. Mpishi husubiri ngalawa, na ngalawa husubiri maji. Ukiagiza saa moja usiku utakula saa tatu na nusu, watoto wamelala mezani. Ukiagiza mchana, pweza wa nazi atakuwa ameiva taratibu na utamwona samaki wako kabla hajapikwa. Siku mbili mkale kijijini kwa mama lishe: chapati, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga. Mkitoka ufukweni kuingia kijijini jifungeni kanga na muitikie salamu. Ufukwe ule ndiyo barabara ya watu kwenda shamba lao la bahari, na jioni, maji yakiwa mbali, ndiyo uwanja wa mpira. Mwanao wa miaka tisa ataitwa acheze. Mwache.

Mwandikie mwenye bangalo leo, kwa maneno haya au yanayofanana: "Tunakuja watu wazima watatu na watoto wawili, tarehe fulani. Maji yanajaa saa ngapi siku hizo mbele ya hoteli yako? Nitumie video ya banda letu kutoka kitandani hadi kwenye maji, maji yakiwa yamepwa. Banda la mama lina ngazi ngapi, na ni hatua ngapi hadi ukumbi wa chakula? Bei ya Watanzania kwa shilingi ni ngapi, na imebeba nini? Tutalipa nusu kwa namba ya biashara, iliyobaki tukifika." Akikujibu swali la maji bila kuzungukazunguka, na video ikaja, mlipe hiyo nusu. Akijibu kwa kutuma tena ile picha ya maji ya buluu, tafuta mwingine. Kati ya Bwejuu na Jambiani wapo wengi.